Katanga: Namna kampuni ya shaba ilivyogeuka baba, na kilichobaki baba alipoondoka

Katika miji ya Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, unaweza kukutana na mtu anayeamka saa kumi na moja ya asubuhi, anayelima mahindi nje ya mji, anayeuza makala jioni, na anayelipia watoto wake watatu masomo kwa jasho hilo. Muulize anafanya kazi gani. Wengi watakujibu kwa sauti ya chini: sina kazi. Ni kusema kwamba hana mshahara, hana namba katika kampuni, hana karatasi ya malipo ya mwisho wa mwezi. Kulima si kazi. Kuuza si kazi. Huko ni kujitafutia tu, ni ile "Article 15" ambayo kila Mukongomani anaijua bila kuisoma katika sheria yoyote.

Jibu hilo ni la ajabu ukilifikiria. Mtu huyo anachoka kuliko karani wa ofisi. Mababu zake walilima na kuvua samaki bila kujiita watu wasio na kazi. Neno lenyewe limepunguzwa maana, na kupunguzwa huko hakukutoka mbinguni. Kulitokea katika muda wa miaka karibu mia moja, kati ya tanuru za shaba, stoo za posho na nyumba za matofali zilizopangwa mistari mistari. Kwa wakaaji wa Kivu na Maniema, ambao leo wanaona makampuni ya madini yakiingia na kutoka, historia hiyo ya ndugu zetu wa kusini ina mengi ya kutueleza.

Shaba kabla ya kampuni

Tuanze na jambo ambalo vitabu vya shule viliruka kwa muda mrefu. Wazungu hawakuvumbua shaba ya Katanga. Karne nyingi kabla yao, Wasanga na wengine walichimba jiwe la kijani, wakaliyeyusha katika tanuru za udongo, na kumimina shaba katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo imepatikana katika makaburi ya zamani kandokando ya ziwa Kisale. Ilitumika kama feza: kwa biashara, kwa mahari, kwa kulipa mfalme. Huko Bunkeya, mfalme M'siri alijenga nguvu yake kwa sehemu kubwa juu ya biashara hiyo, mpaka alipouawa mwezi wa Desemba 1891 na wajumbe wa mfalme Léopold II.

Wayeyushaji hao waliitwa "wala shaba". Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu yao mwaka 1926, baada ya kuomba wazee waonyeshe tena ufundi wao. Kinachovutia ni saa ya kazi yenyewe. Watu waliyeyusha shaba wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha. Mvua zikianza, walirudi shambani. Kulikuwa na fundi mkubwa, kulikuwa na miiko, na mapato yaligawanywa kufuatana na undugu na heshima. Hakuna aliyelipwa kwa saa. Hakuna aliyekuwa "mchimbaji" mwaka mzima kama vile mtu anavyokuwa Msanga mwaka mzima.

Kununua nguvu za miezi sita

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa tarehe 28 Oktoba 1906. Reli kutoka Rodezia ilifika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru ya kwanza ilianza kutoa shaba kandokando ya mto Lubumbashi. Jiwe lilikuwepo, mashine zilikuwepo. Waliokosekana ni watu.

Katanga ya kusini ilikuwa na wakaaji wachache, na hao wachache hawakuona sababu ya kuacha mashamba yao waende kusukuma mikokoteni ndani ya moshi. Hapo ndipo serikali ya kikoloni ilipoleta dawa yake: kodi ya kichwa, iliyoamriwa mwaka 1910, ambayo ilipaswa kulipwa kwa feza za wazungu. Kuku hakukubaliwa, msalaba wa shaba hakukubaliwa. Mwanaume alitakiwa kutafuta franka, na franka zilikuwa kwa mzungu. Mwaka huohuo iliundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kutafuta vibarua vijijini, mara nyingi kwa kupitia machifu, ambao walijua vizuri kwamba kukataa kulikuwa na bei yake. Wengine waliletwa kutoka Rodezia ya Kaskazini, ni kusema Zambia ya leo, na baadaye kutoka Kasaï, Lomami na hata Rwanda na Burundi, ambako maelfu ya watu waliandikishwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1920.

Mikataba ya kwanza ilikuwa ya miezi michache, mara nyingi sita. Kampuni ilinunua nguvu za mikono kwa muda huo, ikazitumia, ikarudisha mwenyewe kijijini. Kambi zilikuwa mbaya. Nimonia, kuhara na homa viliua wengi, na homa kubwa ya 1918 ikaongeza makaburi. Wengi walitoroka. Vijijini jina la Katanga lilianza kutajwa kama mahali ambako mtu anaenda bila uhakika wa kurudi.

Lakini tuangalie jambo moja: katika miaka hiyo kibarua mwenyewe alifikiri kwa njia inayofanana kidogo na ile ya kampuni. Kwake pia kazi ya mgodi ilikuwa safari. Unaenda, unapata franka za kodi, unanunua nguo na blanketi, labda unapata kitu cha mahari, kisha unarudi kwenu ambako ndiko maisha yalipo. Kiwanda kilikuwa kimechukua mwili wake kwa miezi sita. Fikra zake kilikuwa bado hakijazigusa.

Hesabu ya mwaka 1928

Mambo yaligeuka mwishoni mwa miaka ya 1920, na kilichoyageuza ni hesabu zaidi kuliko huruma. Kutafuta kibarua mbali, kumsafirisha, kumlisha njiani, kumfundisha, kisha kumpoteza kwa kifo ao kwa mkataba kuisha: yote hayo yaligharimu. Serikali nayo iliogopa kwamba vijiji vinaisha wanaume. Na mashine zilikuwa zinabadilika. Mwaka 1929 Union Minière ilifungua kiwanda cha Shituru, Jadotville, ambayo leo ni Likasi, ambacho kilisafisha shaba kwa umeme. Mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha likaanza kutoa umeme huo. Mtu wa kusimamia vyombo vya namna hiyo si mtu unayemrudisha kijijini kila baada ya miezi sita.

Basi kampuni ikachagua njia ambayo majirani zake wa upande wa Rodezia waliikawilisha kwa miaka mingi. Ilianza kutoa mikataba ya miaka mitatu. Ikamtaka mfanyakazi aje na bibi yake, na kama hana, ikamsaidia kupata mahari. Ikajenga nyumba za matofali, zahanati, vyumba vya kuzalia, shule zilizoongozwa na wamisionari. Mtu aliyesimamia siasa hiyo, daktari Léopold Mottoulle, aliieleza waziwazi katika maandishi yake: mzungu anapaswa kumlea mfanyakazi mweusi kama baba anavyolea mtoto, kwa mkono wa upole na mkono wa fimbo.

Kiuchumi, hapa ndipo penye kiini cha mabadiliko. Mwanzoni kibarua alihesabiwa kama kuni: unachoma, unaleta nyingine. Sasa alihesabiwa kama mashine inayohitaji mafuta na matengenezo, na zaidi ya hapo, mashine inayoweza kuzaa nyingine. Mtoto anayezaliwa kambini, anayepimwa kilo na muuguzi wa kampuni, anayesoma katika shule ya kampuni, alikuwa mfanyakazi wa miaka ishirini ijayo ambaye hakuna haja ya kumtafuta Kasaï. Ukisoma siasa hiyo kwa jicho hilo, maziwa ya bure ya watoto yanaonekana kuwa na ladha nyingine.

Siasa hiyo ilipimwa upesi. Bei ya shaba ilipoanguka katika ule mgogoro wa dunia wa miaka ya 1930, Union Minière ilifukuza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake weusi katika muda mfupi. Baba alikumbuka kwamba yeye pia ni mfanyabiashara. Uchumi ulipoinuka, siasa ya familia iliendelea kwa nguvu zaidi.

Posho, saa na mtoto

Maisha ya kambi yalikuwa na mpango ambao wazee wa Katanga wanaukumbuka mpaka leo. Saa za zamu ziliamua watu wanaamka saa ngapi, hata wale wasioenda kazini. Posho ilitolewa kila wiki: unga, mafuta ya mawese, samaki, nyama, chumvi. Ilipimwa kufuatana na ukubwa wa familia. Mwenye bibi alipata zaidi kuliko mseja, na kila mtoto aliongeza kipimo.

Fikiria maana yake. Kijijini mtoto alikuwa utajiri kwa sababu analima na kuchunga. Kambini mtoto hakulima chochote, lakini aliendelea kuwa utajiri kwa sababu aliongeza posho. Kuzaa wengi kulibaki jambo la akili, ila sababu ilihama kutoka shambani kwenda kwenye daftari la kampuni. Miaka sitini baadaye daftari hilo lilipofungwa, familia za watoto wanane na tisa zilibaki zimeshikilia hesabu ambayo hakuna tena wa kuilipa.

Kwa bibi mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi. Kijijini mwanamke alikuwa na shamba, ghala na sauti inayotoka humo. Kambini alifika kama "bibi wa mfanyakazi". Chakula kilipitia jina la mume wake. Katika foyer social alifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba kwa namna iliyokubalika kwa masista wa Ubelgiji. Mume akifa, nyumba haikuwa yake. Wengine waliuza pombe kwa siri na kulima vibustani, na feza hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa ya kwao kabisa. Lakini katika lugha ya kambi, hiyo haikuitwa kazi. Kazi ilikuwa ya baba.

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambaye ameandika sana juu ya familia hizo, ameonyesha namna mamlaka ya baba nyumbani yalivyojengwa juu ya mamlaka ya kampuni. Baba aliheshimiwa kwa sababu nyuma yake kulikuwa na baba mwingine mkubwa zaidi, mwenye stoo.

Kiswahili chenyewe kiliingia katika mpango huo. Kambini walikutana Waluba, Wabemba, Walunda, Watetela, watu wa Rwanda, na kampuni ilitaka lugha moja ya kutoa amri. Kwetu Kivu na Maniema Kiswahili kilifika na misafara ya biashara kutoka pwani. Katanga kilikomazwa na kazi, na watoto waliozaliwa humo walikifanya lugha ya mama. Mwaka 1965, kikundi cha waliokuwa maboyi wa wazungu kilitoa, chini ya jina la André Yav, kitabu kidogo cha historia ya mji wao, "Vocabulaire de la ville d'Elisabethville", kilichoandikwa kwa Kiswahili hichohicho. Na ni kati ya wafanyakazi wa migodi ya Kolwezi, miaka ya 1950, ambapo padri Placide Tempels alianzisha Jamaa, chama cha sala kilichoweka umoja wa bibi na bwana katikati. Watu waliotolewa kwenye ukoo wao walikuwa wanatafuta ukoo mwingine.

Uwanja wa mpira, Desemba 1941

Kusiwe na mtu wa kufikiri kwamba wafanyakazi walipokea yote kimya. Wakati wa vita ya pili ya dunia, Union Minière ilitoa shaba nyingi kwa ajili ya majeshi, na uranium ya Shinkolobwe ilikuwa imeanza safari ambayo ingeishia Hiroshima. Bei za vitu zilipanda, mishahara ikabaki nyuma. Wafanyakazi wazungu walidai, wakasikilizwa. Mwanzoni mwa Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Jadotville na kisha Elisabethville waliacha kazi, wakadai nyongeza.

Tarehe 9 Desemba umati ulikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Gavana Amour Maron alifika na askari. Askari walipiga risasi. Makumi ya watu waliuawa, kati yao Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa mmoja wa wasemaji wao.

Tukio hilo linaonyesha kwamba fikra nyingine ilikuwa imezaliwa. Mtu wa mwaka 1912 aliyechoshwa na mgodi alitoroka kurudi kwao. Mtu wa 1941 hakutoroka. Alibaki na kudai, kwa sababu alijua shaba inauzwa kwa bei gani na mwenzake mzungu analipwa ngapi, na kwa sababu hapa ndipo kwao palipokuwa sasa. Vyama vya wafanyakazi kwa Waafrika viliruhusiwa mwaka 1946 tu, vikiwa vimefungwa kamba nyingi.

Baba abadili jina

Uhuru ulikuja, Katanga ikajitenga na kurudi, kisha mwanzoni mwa 1967 serikali ya Mobutu ilichukua mali ya Union Minière. Kampuni ya serikali iliyoirithi ikaja kujulikana kama Gécamines. Nyumba, hospitali, shule na mifuko ya unga viliendelea. Kwa wafanyakazi, zaidi ya 30,000 katika miaka ya nguvu zake, baba alikuwa amebadili jina tu. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476,000 za shaba, na sehemu kubwa ya feza za kigeni za Zaïre zilitoka humo.

Feza hizo zilikwenda Kinshasa, na chache zilirudi kununua mashine. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa haufiki tani 40,000. Katikati ya hayo, kati ya 1992 na 1994, wanasiasa walichochea chuki juu ya watu wa asili ya Kasaï, na mamia ya maelfu walifukuzwa Katanga. Wengi walikuwa wajukuu wa wale ambao kampuni ilienda kuwatafuta kwao kwa magari moshi. Kiwanda kilipokuwa na mshahara wa kugawa, asili ya mtu ilikuwa jambo dogo. Kilipokauka, ikawa jambo la kwanza.

Mishahara ilianza kuchelewa mwezi mmoja, kisha mitatu, kisha ikapita mwaka. Na ndani ya nyumba mambo yakageuka juu chini. Mama, ambaye kwa miaka yote hakuhesabiwa kuwa na kazi, ndiye aliyeanza kuleta bukari mezani: kwa kuuza mikate, makala, mboga, unga uliovushwa kutoka Zambia. Baba alibaki amekaa barazani, na bado anajiita mfanyakazi wa Gécamines. Watoto walienda kuchimba wenyewe katika mashimo ya zamani, wakaitwa creuseurs. Feza ya creuseur wa miaka kumi na saba ikaanza kupita ile ya baba yake. Nani anamwamuru nani katika nyumba ya namna hiyo?

Mwaka 2003, kwa msaada wa Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Neno "hiari" linaweza kujadiliwa: mtu aliyekaa miaka bila mshahara akiwekewa dola mezani, hana mengi ya kuchagua. Walipokea kiasi cha mara moja, wengi wao wakiona kwamba ni kidogo kuliko walichodai, na malalamiko yao yaliendelea miaka mingi. Lililokuwa gumu zaidi ni jambo ambalo hakuna aliyewafundisha. Watu waliozoea kupimiwa unga kila mwezi kwa vizazi vitatu walitakiwa kwa siku moja kuwa wafanyabiashara wenye mtaji. Baadhi walinunua taksi, shamba ao mashine ya kusaga. Kwa wengi feza iliisha ndani ya mwaka, katika madeni, magonjwa na masomo ya watoto.

Kalima, Kamituga na wengine

Kwetu mashariki hadithi ilikuwa ndogo kwa ukubwa, lakini ya ukoo mmoja. Makampuni ya bati na dhahabu ya Maniema na Kivu yalijenga kambi, shule na hospitali huko Kalima, Kamituga, Lugushwa na Namoya. Mwaka 1976 yaliunganishwa kuwa Sominki. Bei ya bati ilipoanguka mwaka 1985, Sominki ilianza kufa, na vita ya 1996 ikamaliza kilichobaki. Mjini Kamituga kizazi cha watoto wa wafanyakazi kilishuka mashimoni na nyundo, na wake zao wakaanza kutwanga mawe. Huko pia utasikia wazee wakisema kwamba zamani kulikuwa na kazi.

Siwalaumu. Aliyepata hospitali ya bure kutoka kwa kampuni, na ambaye serikali haijawahi kumpa hata kidonge, ana sababu ya kuikumbuka kampuni kwa wema. Ila kumbukumbu hiyo inawafanya vijana wetu wapime kila mgeni mwenye helmeti kwa kipimo cha mwaka 1955, na wageni wenyewe hawana nia hiyo.

Kwani shaba imerudi. Congo leo ni ya pili duniani nyuma ya Chile, ikitoa zaidi ya tani milioni 2.5 kwa mwaka, mara tano ya ile ya siku kubwa za Gécamines, na inaongoza dunia kwa cobalt ya betri za magari. Makampuni mengi ni ya Wachina na ya mataifa mengine. Mashine zao ni kubwa, watu wanaohitaji ni wachache. Hayajengi kambi, hayapimi watoto kilo. Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza na CAJJ ya Kolwezi yalitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa ya cobalt: zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliajiriwa kwa kupitia makampuni ya sous-traitance, wengi kwa mishahara midogo na bila usalama wa kesho. Mkataba wa muda mfupi, mtu wa kati anayekata sehemu yake, mfanyakazi anayeweza kubadilishwa na mwingine aliyesimama mlangoni: mtu wa Bourse du Travail ya 1910 angejikuta nyumbani.

Tofauti ni kwamba kibarua wa 1910 alikuwa na shamba la kurudia. Mjukuu wake wa Kolwezi amezaliwa mjini, anakula bukari ya mahindi ambayo mara nyingi yamevuka mpaka wa Kasumbalesa, na kijiji cha babu yake anakijua kwa jina tu.